Mgeni, Jembe na Ufunguo: Historia Fupi ya Masharti ya Kupangisha Chumba



Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa mara nyingi altareni, ingawa linagusa nyumba nyingi hapa Masanze na upande wote huu wa Kilosa na Mikumi. Jambo lenyewe ni kumpangisha mtu chumba. Yupo mama mjane aliyebaki na nyumba kubwa baada ya watoto kuoa na kuolewa. Yupo mzee aliyepokea mafao yake akaongeza vyumba viwili uani. Ipo familia inayotafuta fedha za mtoto aliyeko chuoni. Wote hao wanafikiria mpangaji. Na wanaohitaji chumba nao wapo: mwalimu aliyepangiwa shule mbali na kwao, muuguzi wa zahanati, kijana anayesoma ufundi VETA Mikumi, mkata miwa wa Ruhembe, mfanyabiashara anayefuata mazao. Tangu safari za abiria za reli ya kisasa zilipofika Dodoma mwezi Julai 2024, Kilosa ikiwa na stesheni yake, watu wanaokuja na kuondoka wilayani kwetu wana njia moja zaidi ya kupita.

Maswali yanayoletwa ofisini mwa parokia ni mawili. Mwenye nyumba huuliza, "Padre, ni masharti gani ninaweza kuyaweka bila kumkosea Mungu?" Mpangaji naye huuliza, "Padre, ni masharti gani ninapaswa kuyavumilia?" Tukiyasikiliza vizuri, tunaona kwamba ni swali moja linaloulizwa kutoka pande mbili za mlango mmoja. Ili kulijibu tumeona vema tuirudie historia, ya Kanisa na ya nchi yetu, kwa sababu wazee wetu walikwisha kulijibu mara nyingi, pengine vizuri na pengine vibaya. Historia hiyo inatufundisha kwamba sharti la haki ni lile linalosemwa kabla ufunguo haujatolewa, na linalomfunga mwenye nyumba kama linavyomfunga mpangaji.

1. Mgeni na jembe

Babu zetu wa Usagara, pamoja na majirani zao wa Ukaguru na Uvidunda, hawakujua kodi ya chumba, lakini wageni waliwajua sana. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika ilipita katika nchi hizi. Wapagazi walilala, wagonjwa waliachwa njiani, na wengine walibaki moja kwa moja. Jamii iliyopitiwa na watu wengi kiasi hicho haiwezi kuishi bila utaratibu wa kupokea.

Utaratibu huo Waswahili waliuweka katika methali moja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kwa utani, kana kwamba ni namna ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Tukiitafakari, tutaona ndani yake masharti mawili. Sharti la kwanza ni la mwenye nyumba: siku mbili atoe chakula na mahali pa kulala bila kuhesabu. Sharti la pili ni la mgeni: siku ya tatu naye atoe nguvu zake. Wala jembe si fimbo. Anayekabidhiwa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, na ana haki ya kula kile alichokilima.

Inashangaza kuona kwamba Kanisa la mwanzo lilifika mahali hapohapo. Kipo kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilipotea kwa muda mrefu hata nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Kitabu hicho kinawaagiza Wakristo kumpokea msafiri ajaye kwa jina la Bwana na kumsaidia kadiri ya uwezo wao. Lakini asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kubaki, na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Kama hana ufundi, jumuiya itumie busara ili asiwepo Mkristo anayekaa bure. Wakristo wale walikuwa wachache na maskini. Walijua kwamba ukarimu usio na utaratibu huchoka upesi, na ukishachoka hugeuka kuwa manung'uniko.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mfano wa chumba. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasoma habari za mwanamke wa Shunemu aliyemwandalia nabii Elisha chumba juu ya nyumba yake, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Tuangalie mambo matatu. Mama yule alizungumza kwanza na mumewe. Hakumleta mtu ndani kabla nyumba haijakubaliana. Alitoa chumba ambacho binadamu anaweza kuishi ndani yake, si stoo iliyohamishwa magunia jana yake. Na Elisha hakuchukulia wema ule kama haki yake, bali aliuliza afanye nini kwa ajili ya wenyeji wake. Mwenyeji na mgeni, kila mmoja alimfikiria mwenzake.

2. Kengele na namba

Karne ya 19 na ya 20 zilileta makao ya aina nyingine, ambamo masharti yaliandikwa na upande mmoja tu. Hapa inatupasa kusema ukweli, kwa kuwa Kanisa nalo lilikuwa mwenye nyumba.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa, wakawatunza na kuwafundisha, na vijana walipooana walipewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo. Lilikuwa tendo kubwa la huruma, na kutoka huko imani ilipanda bara hadi kwetu: misheni ya Mhonda ilianzishwa mwaka 1877, na ya Mandera mwaka 1881. Hata hivyo maisha ya kijiji kile yaliendeshwa kwa kengele. Saa ya kuamka, ya kusali, ya kulima na ya kulala zilipangwa na wamisionari, na wanakijiji walidaiwa siku za kazi kwa misheni. Wapo walionung'unika, na wapo walioondoka. Watu waliokombolewa utumwani walipenda kuulizwa, na ni haki yao. Wema wa mwenye nyumba haufuti haja ya kumsikiliza anayeishi ndani.

Kisha ikaja reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupitia Kilosa hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli ukaja mkonge. Wazee wetu wanayakumbuka makambi ya Kimamba, Rudewa na Kilosa. Waliofanya kazi humo walitoka mbali: Warundi, Wamakonde, Wangoni, Wabena na wengineo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Kwa somo letu la leo, jambo kubwa la kambi lilikuwa hili: kitanda na kazi vilifungwa kwa kamba moja. Aliyekaa kambini alikaa kwa kuwa alikata mkonge. Mkataba ukiisha, au akigombana na msimamizi, alipoteza mshahara na paa siku hiyohiyo. Hakuwa na mahali pa kusimama aseme neno. Mtu anayeogopa kulala nje hawezi kudai haki yake, na mwenye nyumba anayeijua hofu hiyo na kuitumia amemtenda ndugu yake uovu, hata kama hajampiga kofi.

3. Nyumba ya vyumba sita

Wakati huohuo, miji ilikuza nyumba ambayo wengi wetu tumeifahamu: nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi mrefu, wenyewe wanauita korido, na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna uani, na hapo kuna jiko, bafu na choo. Ilienea Kariakoo, Magomeni na Ilala kule Dar es Salaam, na kando ya reli katika miji midogo kama Kilosa.

Katika miaka ya 1950 afisa wa serikali ya kikoloni, J.A.K. Leslie, alichunguza maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1963. Picha tunayoipata humo ni ya mji ambao watu wake wengi walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, na mara nyingi mwenye nyumba aliishi papo hapo pamoja nao. Mkatoliki kutoka Uluguru alipanga chumba kwa Mwislamu wa Kizaramo. Waliotumia choo kimoja hawakuwa na lugha moja nyumbani kwao.

Nyumba kama hiyo isingeweza kusimama bila masharti, na masharti yake hayakuandikwa popote. Uani na choo hufagiliwa kwa zamu. Mlango wa mbele hufungwa saa inayojulikana. Anayekuja na mgeni wa kulala humtaarifu mama mwenye nyumba. Pakitokea msiba katika chumba kimoja, redio za vyumba vyote hunyamaza. Mwezi wa Ramadhani asiyefunga hupika kwa staha, na siku ya Noeli sahani ya pilau huvuka ukumbi kwenda vyumba vyote. Masharti hayo yalishikwa kwa sababu mwenye nyumba naye alifagia, naye alinyamazisha redio, naye alipanga foleni ya bafu asubuhi.

Hata hivyo tusiipambe historia. Katika nyumba hizohizo palikuwa na kilemba, yaani fedha ya pembeni iliyodaiwa na mwenye nyumba kabla ya kumkabidhi mtu chumba. Palikuwa na kodi iliyopandishwa kwa mdomo tu, usiku, mbele ya mlango. Mazoea mema hulinda watu mradi wote wana nia njema; nia ikibadilika, asiye na kitu mkononi ndiye anayeumia. Ndiyo sababu sheria ililazimika kuja.

4. Sheria ilipokuja, na ilipopungua

Afrika Mashariki ina mfano wa zamani wa watu waliochoka na masharti ya upande mmoja. Ng'ambo ya Zanzibar, katika miaka ya 1920, watu wengi walimiliki kibanda lakini si kiwanja. Ardhi ilikuwa ya wengine, nao waliilipia kodi. Wengi wao walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa, au watoto wao, kwa kuwa utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 tu. Kodi za viwanja zilipopanda kupita kiasi, mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kuzilipa. Mgomo ule uliitikisa serikali, ikabidi iingilie kati kuzuia kodi zisipandishwe ovyo. Dini haikuwazuia watu kugombana pale haki ilipokosekana. Somo hilo ni letu pia.

Huku bara, udhibiti wa kodi za nyumba ulianza wakati wa utawala wa Waingereza, ukaendelea baada ya Uhuru. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na za Shirika la Nyumba mwaka 1990. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 nayo iliweka mabaraza ya nyumba, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji apendavyo bila amri ya chombo chenye mamlaka.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Nia ilikuwa kuwavutia watu wajenge nyumba zaidi, na kwa kweli nyumba nyingi zimejengwa. Lakini tangu hapo kiasi cha kodi na sehemu kubwa ya masharti vimeachiwa makubaliano ya watu wawili. Yaliyobaki ni ya msingi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua kwamba katika kila upangishaji, hata kama halikusemwa, mpangaji aliyelipa kodi anayo haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa, na nyumba ya kuishi inapaswa kuwa inafaa kwa binadamu. Naye mpangaji anapaswa kulipa kodi kwa wakati na kutoiharibu nyumba. Migogoro ina njia yake: usuluhishi wa karibu kijijini na katika kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tunaona basi, wapendwa, jinsi mzigo ulivyohama. Zamani ulibebwa na mazoea ya jamii, baadaye ukabebwa na serikali, na sasa sehemu yake kubwa imewekwa mezani pa baba au mama mwenye nyumba na mtu anayekuja na begi lake. Pale ambapo sheria imepunguza maneno, dhamiri inapaswa kuongeza. Tume ya Kipapa ya Haki na Amani iliuliza swali hilo waziwazi katika waraka wake wa Desemba 1987, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wasio na makao: umemtendea nini ndugu yako asiye na nyumba? Na miaka mingi kabla yake, mwaka 1963, Mtakatifu Papa Yohane XXIII katika waraka Pacem in Terris alikuwa ameyataja makao kati ya haki za kila binadamu, pamoja na chakula, mavazi na matibabu.

5. Maji ya Mkondoa

Wilaya yetu ilipata mtihani wake mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika na kuvunja kingo zake. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makao, reli ikakatika, mahema yakasimamishwa. Wengine hawakwenda kambini; walipokelewa na ndugu, marafiki na waumini wenzao.

Dhiki kama hiyo huleta hali ambayo ni ngumu kuliko kupangisha kwa kawaida: mgeni anayegeuka kuwa mpangaji bila mtu kutamka neno. Siku za kwanza hakuna anayehesabu. Mwezi wa pili unga unapungua. Mwezi wa nne mwenye nyumba anatarajia kitu lakini anaona haya kusema. Mgeni naye anadhani bado yupo kwa huruma. Mwezi wa sita wanagombana juu ya ndoo ya maji, na wote wawili wanajua kwamba ugomvi si wa ndoo. Undugu wa miaka ishirini unaweza kuvunjika hivyo. Siku ya tatu ya methali haikufika kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitaja. Kutaja siku ya tatu kwa upole si ukosefu wa upendo. Ni namna ya kuulinda upendo usife kimyakimya.

6. Masharti ya haki ni yapi?

Tukiyakusanya yote tuliyojifunza, tunaweza kuwapendekezea ndugu zetu mambo yafuatayo.

Kwanza, yasemwe kabla. Mweke karatasi mezani, hata nusu ukurasa, mwandike kwa Kiswahili mnachokielewa wote, mtie sahihi mbele ya shahidi kama mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja abaki na nakala. Sharti linalobuniwa baada ya mtu kuhamia si sharti, ni mtego.

Pili, yawafunge wote. Kama mlango hufungwa saa nne usiku kwa mpangaji, ufungwe saa nne kwa kijana wa mwenye nyumba pia. Kama choo husafishwa kwa zamu, jina la mwenye nyumba liwemo katika zamu.

Tatu, fedha iwe wazi. Kiandikwe kiasi cha kodi, kipindi chake, na lini kinaweza kubadilishwa. Kila malipo yawe na risiti, ingawa ni ya mkono. Kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo kutoka kwa kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita ni kumsukuma kwenye mkopo. Anayeweza kupokea miezi mitatu, apokee. Umeme wa LUKU ndio chanzo cha magomvi mengi: mwenye taa moja asilipe sawa na mwenye jokofu na pasi. Gawaneni kwa vifaa, au wekeni mita ndogo kwa kila chumba.

Nne, chumba kilicholipiwa ni cha aliyekilipia. Mwenye nyumba asiingie kwa ufunguo wa akiba mpangaji akiwa kazini. Akihitaji kukagua bati linalovuja, atoe taarifa na waingie pamoja. Naye mpangaji asimpangishe mtu wa tatu wala kugeuza chumba kuwa duka bila ruhusa, na mgeni wake wa kulala amtambulishe.

Tano, imani ya kila mmoja iheshimiwe. Mpangaji Mwislamu asiulizwe kwa nini anaamka alfajiri, wala asilazimishwe kushiriki chungu kilichopikiwa nguruwe. Rozari isisaliwe kwa kipaza sauti. Ushuhuda wetu mkubwa kwake utakuwa haki tunayomtendea.

Sita, kutoka kuwe na utaratibu kama kuingia. Ikubaliwe ni siku ngapi za taarifa kila upande utatoa. Kumtupia mtu vyombo nje, kung'oa mlango au kuezua bati ili akimbie ni dhuluma, hata kama anadaiwa. Na mpangaji anayetoroka usiku na deni ameiba, japo hakubeba kitu.

Yapo pia masharti ambayo Mkristo hawezi kuyaweka. Kumkataza mke na mume wasizae kwa kuwa mtoto atalia usiku ni kujiingiza pasipokuhusu. Kumgeuza binti aliyepanga kuwa mtumishi wa nyumba bila ujira ni kurudisha kambi. Na mwanaume anayelitumia deni la kodi kumtaka binti au mjane kimwili ametenda dhambi nzito, na pia amevunja sheria ya nchi. Tunalisema hili bila kificho, kwa sababu linatendeka katika jamii, na anayetendewa mara nyingi hunyamaza kwa kukosa pa kwenda. Asinyamaze. Mlango wa parokia uko wazi, na vyombo vya serikali vipo.

Tuongeze busara moja ya kimonaki. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya sita, aliagiza katika sura ya 53 kwamba wageni wote wapokelewe kama Kristo mwenyewe. Wengi wetu tunalijua hilo. Ni wachache wanaokumbuka sura ya 61, inayomhusu mmonaki mgeni anayekuja kukaa. Huko Benedikto anasema kwamba mgeni akionyesha kosa fulani la nyumba kwa unyenyekevu na upendo, abati alitafakari neno lake, kwani yawezekana Bwana amemtuma kwa ajili hiyo. Mpangaji huyaona mambo ya nyumba yetu ambayo sisi tumeyazoea. Tumpe nafasi ya kusema.

7. Mtume aliyepanga

Mwishoni mwa kitabu cha Matendo ya Mitume tunamwona Mtume Paulo Roma, akiwa chini ya ulinzi, akikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga na kuwapokea wote waliomjia. Kabla ya hapo, kule Korintho, alikuwa amekaa kwa Akila na Priskila, akifanya nao kazi ya kushona mahema. Mtume wa Mataifa alijua maana ya kuishi katika nyumba ya mwingine na kula kwa jasho lake. Tunaweza kujiuliza Injili ingefikaje kwa watu wale kama mwenye nyumba wa Roma angeweka sharti la kutopokea wageni.

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoazimia katika miaka ya 1970 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Kanisa letu limekutana nyumbani kwa watu. Lakini inatokea mara nyingi kwamba jumuiya inaposali nyumbani kwa fulani, mpangaji wa chumba cha pembeni hukaa ndani, mlango umerudishwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba naye amealikwa. Viongozi wa jumuiya, tunawaomba mhesabu vyumba, msihesabu nyumba tu. Mpangaji Mkatoliki aandikwe katika jumuiya ya pale anapolala, azikwe na kuuguzwa kama mwenyeji, na zamu ya kusalia chumbani kwake imfikie.

Nanyi mnaofikiria kupangisha chumba, ketini kwanza nyumbani mkubaliane, kama mama wa Shunemu na mumewe. Andikeni masharti yenu, kisha muyasome kana kwamba ninyi ndio mnaokuja na begi. Lile ambalo msingelikubali, lifuteni kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, na wote wanaolala ndani yake. Amina.